Mida au Nairobi: mahali pa kuwaona ndege wahamao kabla hawajarudi kaskazini

Kati ya mwisho wa Machi na wiki ya kwanza ya Mei, mtu anayependa kutazama ndege na mwenye nafasi ya safari moja tu nchini Kenya hana budi kufanya uamuzi ambao si mwepesi. Ndege waliokuja kwetu wakiikimbia baridi ya Ulaya na Asia wanaondoka, wala hawaondoki wote kwa pamoja au kwa njia moja. Wengine hupita juu ya nyika kwa siku chache tu, wengine hungoja ufukweni hadi wanenepe vya kutosha, na wengine wamekwisha kwenda kabla mvua za masika hazijakolea. Atakayekosea mahali au wiki atarudi nyumbani akiwa ameona ndege wenyeji, ambao nao ni wazuri, lakini hatakuwa ameuona msafara wenyewe.

Mahali ninapopalinganisha hapa ni pawili hasa, yaani mkono wa bahari wa Mida, ulio kusini ya Watamu katika Kaunti ya Kilifi, na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Nitapagusia pia Ziwa Nakuru, kwa sababu watu wengi hupataja kabla ya kwingine kokote, na Tsavo, kwa sababu reli na barabara ya kwenda pwani hupita humo.

Kwanza ieleweke kwamba majira ya kuchipua ya kaskazini huangukia kwetu wakati wa masika, na jambo hilo hubadilisha kila kitu katika kupanga safari. Safari ya ndege ya kuja kusini hutawanyika kuanzia Agosti hadi Desemba, maana ndege wengi husimama Sudan na Ethiopia kwa wiki kadhaa wakisubiri mvua zitangulie. Safari ya kurudi huwa ya haraka zaidi, kwa kuwa anayewahi kufika kaskazini ndiye anayepata eneo zuri la kutagia. Upepo nao huwasaidia. Kaskazi hulegea mwezi wa Machi, na baada ya siku za matlai, upepo unapogeuka, kusi huanza kuvuma kutoka kusini, kwa hiyo ndege anayeruka mwezi wa Aprili husukumwa na upepo uleule uliokuwa ukiyarudisha majahazi Oman na Ghuba baada ya msimu wa biashara. Hata sehemu ya njia ni ileile, kwani ndege wengi hufuata Somalia na Bara Arabu kabla ya kutawanyika.

Kuna sababu nyingine inayonifanya niupende mwezi wa Aprili kuliko Novemba, ingawa Novemba huwa na ndege wengi pia. Ndege wengi wa pwani hutufikia wakiwa na rangi ya kijivu na kahawia isiyovutia, na kwa miezi sita huwasumbua wanaojifunza kuwatambua. Kabla ya kuondoka, hata hivyo, huota manyoya mapya, na katika muda wa wiki chache yule wa kijivu huwa mwekundu wa matofali, na yule wa madoadoa huwa na tumbo jeusi tititi. Huku kwetu ndiko wanakovalia nguo za arusi, na arusi yenyewe huifanyia Siberia.

Mida: safari inayopangwa kwa mwezi

Mida, ambayo kwenye ramani huandikwa Mida Creek, ni mkono wa bahari wenye eneo la takribani kilomita za mraba 32, uliozungukwa na mikoko, na ni sehemu ya hifadhi ya bahari ya Watamu iliyotangazwa mwaka 1968. Maji yanapokupwa hubaki uwanja mpana wa mchanga na tope uliojaa kaa, minyoo na konokono, na chakula hicho ndicho kinachowaleta ndege. Upande wa nchi kavu kuna njia ya mbao iliyoinuliwa, inayopita katikati ya mikoko na kuishia kwenye kibanda cha kutazamia kilicho ukingoni mwa tope, na waongozaji wa kijijini huwapeleka wageni humo kwa ada inayosaidia karo za wanafunzi wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke na mkono huo wa bahari.

Anayekwenda Mida bila kujua hali ya maji huwa amefanya safari kwa kubahatisha. Maji yakiwa yamekupwa kabisa, ndege hutawanyika hadi upeo wa macho, na hata mwenye darubini nzuri huona vidoti vinavyotembea katika mvuke wa joto. Maji yakiwa yamejaa kabisa, tope lote huwa limefunikwa, nao huwa wamekwenda kupumzika kwenye mikoko na visiwa vya mchanga. Muda unaotakiwa ni ule wa saa mbili au tatu kabla ya maji kujaa, wakati bahari inapowasogeza ndege hatua kwa hatua kuelekea ukingoni, ambako mtazamaji amekaa kimya. Saa zenyewe zinaweza kujulikana mapema. Maji hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku huchelewa kwa takribani dakika 50. Katika siku za bamvua, yaani za maji makubwa, zinazoandamana na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, pwani ya Kenya hujaa kabisa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne au saa tano. Katika siku za maji mafu mambo hugeuka, na maji hujaa katikati ya asubuhi, lakini hayapandi sana, hivyo sehemu ya tope hubaki wazi na ndege hawana haja ya kukusogelea.

Kwa sababu hiyo ushauri wangu ni kuchagua siku ya pili au ya tatu baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo wa Aprili. Siku hizo maji bado yana nguvu ya bamvua, nayo hujaa jioni baada ya saa kumi na moja, kwa hiyo utakaa kibandani kuanzia saa tisa au saa kumi, jua likiwa nyuma yako upande wa magharibi na likiwaangaza ndege walio mbele yako. Jedwali la maji la bandari ya Kilindini, Mombasa, litakupa dakika kamili, na mvuvi yeyote wa Mida atakupa hesabu hiyo bila jedwali.

Ndege mkuu wa Mida ni yule ambaye wanasayansi humwita Dromas ardeola, nami nitamwita mla-kaa kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake. Ni mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu na mdomo mnene mweusi wa kuvunjia magamba, na hana ndugu wa karibu duniani, kwani ndiye pekee katika familia yake. Hutaga katika mashimo anayoyachimba mchangani kwenye fukwe na visiwa vya Ghuba, Oman, Bahari ya Shamu na Somalia, yai moja tu jeupe, na joto la mchanga husaidia kulihifadhi yai hilo. Kwa Waswahili walioko Muscat au Dubai, ndege huyu ni mwenzao kwa maana halisi, kwani anayekula kaa hapa Februari huenda akawa anachimba shimo kule Mei. Kinda wake humfuata mzazi hadi kwetu na huendelea kumwomba chakula kwa sauti nyembamba miezi mingi baada ya kujua kuruka. Mida huweza kuwa na mamia ya ndege hawa kwa wakati mmoja, lakini wakubwa huanza kuondoka Aprili, na kwa hiyo anayemtaka mla-kaa kwa wingi asingoje hadi mwisho wa mwezi huo.

Wengine ni wadogo, na hao ndio wanaobadilika rangi mbele ya macho yako. Kitwitwi mwenye mdomo uliopinda kidogo kuelekea chini, Calidris ferruginea, huwa wa kijivu hadi Machi, kisha ifikapo katikati ya Aprili kifua na tumbo huwa na wekundu wa matofali. Huyu hutaga katika nyanda za barafu za kaskazini mwa Siberia, umbali wa zaidi ya kilomita 8,000 kutoka Mida, na kabla ya kuondoka hula mchana na usiku, akifuata maji yanavyokwenda, hadi aongeze mafuta yatakayomvusha jangwani. Mwaka 2024 aliorodheshwa miongoni mwa ndege walio hatarini kwa sababu idadi yake imekuwa ikipungua duniani, na mwenzake Pluvialis squatarola, yule wa tumbo jeusi, aliingizwa katika orodha hiyo mwaka huohuo. Mtu anayewatazama wakila kwa haraka katika tope la Mida anatazama ndege ambao uzazi wao wa mwaka huo unategemea walichokipata katika wiki hizo, na ndiyo maana watazamaji huombwa wasishuke topeni kuwafuata kwa ajili ya picha. Kila mara wanaporushwa huteketeza mafuta waliyoyahangaikia.

Kuna pia sululu mwenye mdomo mrefu uliopinda, ndege wageuzao vijiwe kutafuta wadudu, buabua waliokusanyika kwenye visiwa vya mchanga, na ndege wadogo wa ufukweni watokao jangwa la Asia ya Kati, Charadrius leschenaultii, ambao madume yao huota mkanda wa rangi ya kutu kifuani. Jioni, hasa mwanzoni mwa msimu, keremkerem wekundu wa kaskazini huja kulala kwenye mikoko, na makundi yao yakipita juu ya maji wakati wa magharibi huwa kama makaa yanayopeperushwa.

Udhaifu wa Mida nao usifichwe. Aina za ndege wahamao utakazoziona kwa jioni moja si nyingi sana, labda ishirini hivi kwa mtu mzoefu, na karibu zote ni za pwani. Kwa mgeni wa jambo hili, vitwitwi hufanana mno, na pasipo mwongozaji au darubini ya miguu mitatu anaweza kukata tamaa upesi. Unyevu na joto la Aprili huchosha, na mbu wa mikokoni huanza kazi mara jua linapozama.

Nairobi: safari inayopangwa kwa mvua

Hifadhi ya Taifa ya Nairobi ilitangazwa mwaka 1946, ikiwa ya kwanza nchini Kenya, na ina eneo la kilomita za mraba 117, umbali wa kilomita saba hivi kutoka katikati ya jiji. Aina zaidi ya 500 za ndege zimewahi kurekodiwa humo. Sababu ya wingi huo ni mchanganyiko wa mazingira, kwani upande wa magharibi kuna msitu, katikati kuna nyasi na migunga, kusini kuna bonde la mto Mbagathi, na katika sehemu mbalimbali kuna mabwawa kama vile Nagolomon na lile la Athi. Ndege anayevuka bara usiku kucha na kupambazukiwa juu ya jiji hupata humo kila aina ya mahali pa kushukia.

Hapa jedwali la maji halina kazi, na badala yake mtazamaji huangalia mawingu. Ndege wengi wadogo husafiri usiku. Anga ikiwa shwari hupita juu kabisa, na asubuhi mbuga huwa kimya kana kwamba hakuna aliyepita. Mvua kubwa ikinyesha usiku wa manane na kukoma alfajiri, baadhi yao hulazimika kutua, na asubuhi hiyo kila kichaka huwa na mtu wake: vindege vidogo vya kijani kutoka misitu ya Urusi vinavyookota wadudu kwenye migunga, ndege watikisa-mkia wa manjano miguuni mwa nyati, na mbwigu juu ya kila mwiba. Asubuhi moja ya namna hiyo, mwanzoni mwa Aprili, niliwahesabu mbwigu wa mgongo mwekundu hadi nikachoka kuandika, ilhali siku mbili baadaye, katika barabara ileile na saa ileile, nilimwona mmoja tu. Anayeishi Nairobi na anayeweza kwenda asubuhi baada ya mvua ana faida ambayo mgeni aliyekata tiketi mwezi uliopita hawezi kuinunua kwa bei yoyote.

Mbwigu wenyewe wanastahili maneno kidogo zaidi. Ni ndege wadogo wenye tabia ya mwewe, mdomo wao una ndoano, na huchomeka panzi na hata mijusi kwenye miiba kama mchinjaji anavyotundika nyama. Yule wa mgongo mwekundu, Lanius collurio, na yule wa kijivu mwenye kinyago cheusi kinachopanda hadi kipajini, Lanius minor, huja kusini wakipitia magharibi zaidi, na katika kurudi hupita mashariki, kwa hiyo Kenya huwaona wengi zaidi Aprili kuliko miezi ya mwisho wa mwaka. Huo ni mfano mzuri wa ndege ambaye msimu huu ndio msimu wake, na Mida hutampata kwa urahisi huo.

Kisha kuna kumbikumbi. Mvua za kwanza za masika zikilowesha ardhi, kumbikumbi hutoka kwa mamilioni, na angani juu ya mbuga hukutana wageni wa kila ukubwa: mbayuwayu, keremkerem wa Ulaya wanaosikika kabla ya kuonekana, kozi wadogo wa Amur wanaorudi mashariki ya Urusi, Mongolia na kaskazini ya China, na hata tai wa nyika za Asia, Aquila nipalensis, ambaye pamoja na ukubwa wake wote hutembea chini kama kuku akiokota mchwa. Tai huyu ameorodheshwa miongoni mwa walio hatarini kutoweka, na kwa kawaida wengi huwa wamekwenda ifikapo mwanzoni mwa Aprili, kwa hiyo anayemtaka aende Machi. Hali ni hiyohiyo kwa korongo weupe, ambao hupita mapema wakizunguka juu ya hewa ya joto bila kupiga mbawa, na ambao asiyeangalia juu wakati wa saa tano au saa sita asubuhi atawakosa kabisa.

Mbuga ya Nairobi ina masharti ambayo lazima yapimwe. Huwezi kutembea humo kwa miguu isipokuwa katika sehemu chache zilizoruhusiwa, kama ile ya viboko kando ya mto, ambako askari wa hifadhi huandamana na wageni. Hivyo unahitaji gari, na katika masika unahitaji gari linalostahimili udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao ukilowa hushika magurudumu kama gundi. Mvua hiyohiyo inayoshusha ndege ndiyo inayofunga barabara. Gari dogo lilininasa humo kwa saa tatu Aprili mmoja, na saa hizo ndizo zilizokuwa nzuri kwa ndege. Tangu siku hiyo siendi bila mwenzi mwenye gari la magurudumu manne ya kusukuma. Kiingilio hulipwa mapema kwa mtandao wa serikali wa eCitizen, na ni vema kuhakikisha kiwango cha sasa kabla ya siku yenyewe, kwa maana viwango hubadilika.

Pawili hapa pakiwekwa ubavu kwa ubavu

Kwa upande wa uhakika, Mida inashinda waziwazi. Ukichagua tarehe kwa mwezi na saa kwa maji, kati ya tarehe 5 na 25 Aprili ni vigumu kurudi mikono mitupu, kwa kuwa ndege wapo hapo kwa wiki nzima wakijinenepesha. Nairobi huweza kukupa asubuhi ambayo hutaisahau, lakini huweza pia kukupa simba watatu na mbwigu mmoja, na kwa mtu aliyesafiri kutoka mbali hiyo ni hasara ya kweli.

Kwa upande wa aina, Nairobi iko mbele. Asubuhi njema ya Aprili huweza kukuonyesha wahamaji wa msituni, wa nyasini, wa angani na wa kwenye mabwawa, pamoja na wenyeji ambao masika ndiyo wakati wao wa kujenga viota. Kwa anayeanza, jambo hilo lina uzito mkubwa, maana ndege wakubwa wenye rangi dhahiri, kama vile chole na keremkerem, hutambulika bila ugomvi. Tahadhari moja tu kwa anayeanza: chole wa kifua cha zambarau mwenye mkia wa nyuzi mbili ndefu ni mwenyeji, huonekana mwaka mzima, na yule mhamaji wa Ulaya ni wa buluu tupu kichwani na kifuani na hana nyuzi mkiani.

Hali ya hewa nayo haigawanyiki sawa, na hapa wengi hukosea kwa kudhani kwamba masika ni mamoja kila mahali. Nairobi hupata kilele cha mvua zake Aprili, na pwani hupata kilele chake Mei. Kwa hiyo katika nusu ya kwanza ya Aprili mtu anaweza kuwa Mida penye jua huku mbuga ya Nairobi ikiwa matope matupu, na ikifika Mei mambo hugeuka, ingawa kufikia hapo wageni wengi wa Mida watakuwa wamekwenda.

Gharama hutegemea unakotoka. Mkazi wa Nairobi mwenye gari hutumia mafuta kidogo na kiingilio, na anaweza kurudia mara nne katika msimu. Kwa mkazi wa Mombasa, Kilifi au Malindi, matatu za barabara ya Mombasa na Malindi hupita karibu na lango la Mida, na gharama kubwa ni ya mwongozaji, ambayo simshauri mtu kuikwepa. Kwa wanaoenda na watoto au wazazi wenye umri mkubwa, Nairobi ina faida ya kukaa garini kivulini, na hata ndege wakikosekana watoto wataona twiga. Mida inahitaji kukaa kimya kwenye benchi kwa saa mbili, jambo ambalo mtoto wa miaka sita hataliweza, lakini aliye na miaka kumi na aliyepewa darubini yake mwenyewe anaweza kushangaza watu.

Wapiga picha wataipenda Mida zaidi wakati wa maji yanayopanda jioni, kwa mwanga wake na kwa sababu ndege humsogelea mtu wenyewe.

Nakuru na Tsavo

Ziwa Nakuru lina jina kubwa, na lilistahili kuwa eneo la kwanza la Kenya kuingizwa katika mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu mwaka 1990. Lakini kwa msafara wa kaskazini silipi nafasi ya kwanza wala ya pili. Heroe, ambao ndio sifa yake, hawaendi Ulaya. Huhamahama baina ya maziwa ya Bonde la Ufa wakifuata chakula. Tangu maji ya ziwa yapande katika miaka ya karibuni na kufunika kingo zake, lango la zamani na barabara kadhaa, sehemu kubwa ya tope walilokuwa wakilishia vitwitwi ilizama, na heroe wengi walihamia Bogoria. Bata wahamaji nao huanza kuondoka Februari na Machi. Aliyeko Nakuru tayari asiache kwenda, lakini asisafiri kutoka mbali kwa ajili ya Aprili.

Tsavo ni habari nyingine. Wengi wameisikia Ngulia, katika Tsavo Magharibi, ambako ndege wahamao wamekuwa wakifungwa pete miguuni tangu mwaka 1969, lakini kazi hiyo hufanyika Novemba na Desemba, wakati wa ukungu na wa safari ya kuja, kwa hiyo anayekwenda Aprili akitarajia kuyaona hayo atakuta kilima tulivu. Kitu cha Tsavo katika Aprili ni chole wa Ulaya, ambao katika siku kumi na tano za kwanza za mwezi hupita kwa makundi makubwa katika nyika za mashariki ya Kenya wakielekea Somalia. Anayekwenda Mida kutoka Nairobi kwa treni ya mchana akae dirishani baada ya Mtito Andei na kuangalia nyaya na vilele vya miti mikavu, kwani huenda safari ikaanza kulipa kabla hajafika.

Uamuzi wangu

Kwa mtu mwenye safari moja tu, anayetoka nje ya Nairobi, na ambaye amekwisha kuwatazama ndege kidogo, nasema Mida, siku mbili au tatu baada ya mwezi mpevu au mwandamo wa Aprili, alale Watamu usiku mbili ili awe na jioni mbili za kibandani, na asubuhi ya katikati aingie msitu wa Arabuko-Sokoke ulio jirani. Kwa mkazi wa Nairobi mwenye kazi za wiki nzima, nasema asiende popote. Aache begi na darubini mlangoni kuanzia Machi 20, aangalie mvua ya usiku, na awe langoni saa kumi na mbili asubuhi. Asiye na gari anaweza kuanza na matembezi ya Jumatano asubuhi ya Nature Kenya, chama cha wapenda maumbile, ambayo kwa miaka mingi yamekuwa yakianzia kwenye Makumbusho ya Taifa ya Nairobi na ambayo huwakutanisha wageni na watu wanaoitambua sauti ya kila kichaka. Kwa anayeanza kabisa na mwenye watoto, Nairobi pia, hata bila mvua.

Popote utakapokwenda, andika tarehe, saa, aina na idadi, uviingize siku hiyohiyo katika Kenya Bird Map au eBird, mitandao inayokusanya kumbukumbu za watazamaji wa ndege. Tarehe ya mwisho ambayo mbwigu alionekana, au siku ambayo vitwitwi walitoweka topeni, ndiyo taarifa ambayo watafiti huihitaji na ambayo watazamaji wengi husahau kuiandika, kwa sababu ni rahisi kumwona aliyefika kuliko kugundua kwamba aliyekuwepo jana leo hayupo.

Na ikitokea Aprili ikapita bila nafasi, Nairobi haitakuwa na msafara wa kukuonyesha mpaka miezi ya mwisho wa mwaka. Mida, kinyume chake, hubaki na vijana: ndege wa mwaka wa kwanza ambao bado hawajafikia umri wa kutaga hawafungi safari, bali hukaa topeni muda wote wa kusi wakiwa katika manyoya yao ya kijivu, na wala-kaa wachache wasioondoka huonekana Juni na Julai wakipanga mstari kwenye kisiwa cha mchanga, upepo ukiwapiga usoni.